Neno Lililonipeleka Kandy

Nyinyi wa chumba namba nne, nyinyi wa jikoni, na wewe Atieno hasa, unayeniuliza kila tukikutana kwenye basi la kazini: haya, naandika mara moja, someni wote, kisha mniache. Nimechoka kusimulia nusu nusu kwenye foleni ya mikrowevu, nikifika pazuri mtu ananiambia sogea, wali wangu unapoa.

Kwanza niondoe uvumi. Sikwenda Kandy kutembea. Sikwenda kubadili dini, kama alivyosema mtu fulani ambaye tutaonana naye. Nilikwenda kumwomba radhi Nilanthi, basi.

Najma, Doha, kabla sijaondoka

Kwa mliokuja juzi na hamkumkuta: Nilanthi alikuwa mwenzetu wa londri, pale hotelini West Bay, Mserilanka peke yake katikati ya sisi Waswahili saba. Mwaka wa kwanza alikuwa anatukodolea macho tukicheka. Mwaka wa pili akaanza kucheka na yeye. Mwaka wa tatu anatugombeza, mimi wa kwanza: "Saumu, wewe mvivu sana, shuka hii umeipiga pasi kwa miguu?" Kiswahili chake nusu cha Tanga, kutoka kwangu, na nusu cha Kisumu, kutoka kwa Atieno. Ukimsikia utadhani amelelewa mpakani. Miaka sita tumelala dabo deka moja, yeye juu mimi chini, kwa sababu mimi naogopa kuanguka.

Siku moja alirudi kutoka kliniki, kule Al Sadd, hata kitanda chake hakupanda, akakaa kwenye changu. Nikamwuliza kuna nini. Akanijibu kwa lugha yao, taratibu: "Mama ledin." Neno leda nililijua, maana mtu asipofika kazini Nilanthi alikuwa anasema huyo leda, mgonjwa. Na mama, jamani, nani hajui mama? Nikamkumbatia. Nikamwambia pole mwenzangu, mama atapona, inshallah. Akaniangalia, kisha akaanza kulia.

Nikatangaza chumba kizima. Hawa, mwenzetu, akamsomea Yasini yule mama, Atieno akalipeleka jina lake kwenye maombi kanisani siku ya Ijumaa, ndiyo Jumapili ya Doha. Baada ya wiki mbili Nilanthi akaomba ruhusa ya dharura kwenda nyumbani, na wakati anahangaika na ruhusa hiyo, zamu zake zikaniangukia mimi. Siku moja nimesimama masaa kumi na mbili, mgongo unawaka, nafika chumbani nakuta simu yake inaita juu ya mto, mwenyewe yuko bafuni. Nikapokea. Ilikuwa video. Nikamwona mama yake Nilanthi mzima kabisa, meno yote nje, kakaa barabarani anapanga maua yake ya kuuza, kama Nilanthi alivyonisimulia, na kupigishana kelele na wenzake.

Nilanthi alipotoka bafuni, taulo kichwani, sikumpa nafasi ya kupumua. Nilimwita mwongo. Nilimwambia mtu anayemsingizia mama yake ugonjwa ili apate likizo, Mungu anamwona. Nilisema mbele ya watu wanane, na sauti yangu mnaijua. Hakujibu hata neno moja. Kesho yake asubuhi akaondoka na begi lake, na hakuna aliyemuaga, kwa sababu mimi niliwazuia.

Miezi saba ikapita, nami nimevimba kwa hasira, najiona mtu wa haki. Kisha siku moja kwenye basi, dereva wetu Sunil, naye Mserilanka, anaongea na simu: "Mama enawa, mama enawa." Enawa, kuja, nilishalizoea kwenye simu zake. Nikamtania kwa kile Kiarabu chetu cha kuokoteza: mama yako anakuja Doha? Akacheka. Akasema, "Hapana, dada. Kwetu mama ni mimi. Nasema mimi nakuja. Mzazi tunamwita amma."

Nilishuka West Bay nikilirudia lile neno. Mama ledin. Mimi ni mgonjwa. Nilanthi aliniambia wazi kwamba anaumwa, nami nikaenda kumwombea dua mtu mzima wa afya, kisha nikamwita yeye mwongo mbele ya watu. Niliona aibu mpaka nikashindwa kukunja taulo.

Namba yake haipatikani. Ofisini hawakunipa anwani. Nilichokijua ni kitu kimoja tu, alichokuwa anakisema tukipiga pasi: kwamba mama yake anauza maua nje ya Hekalu la Jino, mjini Kandy, kule milimani. Likizo yangu ilikuwa ya kwenda Tanga. Nikaibadilisha. Habari za tiketi na makaratasi siandiki, mnazijua na zinachosha.

"Saumu, uko sawa kweli?" Atieno akaniuliza. "Unaenda nchi ya wenyewe kutafuta mama wa maua?"

"Naenda."

"Na usipompata?"

"Nitakaa hapo mpaka nimpate."

Mimi nikishasema nimesema.

Angani

Ndege ilitukalisha uwanjani masaa mawili bila kupaa, tumefunga mikanda kama mizigo, na rubani anaomba radhi kila baada ya robo saa. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kiserilanka anayerudi nyumbani baada ya kufanya kazi za ndani miaka minne. Amekumbatia blanketi jipya ndani ya mfuko wake wa plastiki, hataki kuliweka juu, hataki kuliweka chini. Mhudumu alipotaka kulichukua nusura wapigane.

Tuliongea Kiarabu cha jikoni: hii kuwesi, nzuri, hii mafi kuwesi, mbaya, mkono unamalizia. Nikamwuliza kwenu mtu akikosa anasemaje. Akasema, "Samawenna." Nikapiga makofi. Samawenna, samehe, si karibu ndugu hawa? Nikalirudia mpaka wa kiti cha nyuma akagonga kiti. Masaa karibu matano nalitafuna neno hilo, naliweka sawa mdomoni, najiona nimejiandaa vya kutosha.

Stesheni ya Colombo, ambako nilishuka kwa miguu yangu

Nilifika alfajiri, nikapanda basi mpaka stesheni kuu, nikaiona treni ya asubuhi imesimama. Nikaingia, nikapata kiti cha dirishani, begi juu, nikashukuru Mungu. Nikasema hebu nihakikishe. Nikamwuliza mzee aliyekaa mbele yangu: "Kandy?"

Yule mzee akatikisa kichwa. Bega hadi bega, taratibu, na uso wa huruma. Ala! Hii siyo. Nikanyakua begi, nikaruka chini, na treni ikaanza kuondoka. Nikamwona mzee wangu dirishani ananipungia mkono kwa nguvu na kunionyesha mbele, mbele, huku kichwa kinaendelea kutikisika vilevile.

Muuza chai wa pale stesheni aliona yote. Alicheka mpaka akaweka birika chini. Akanionyesha: kichwa hivi, ndiyo. Kichwa hivi tena, ndiyo sana. Na hapana? Hapana ni kama yetu, kwa nguvu. Miaka sita nimemwona Nilanthi akitikisa kichwa hivyo kila nikimwambia jambo, nikadhani ni mtu wa kubisha. Kumbe muda wote alikuwa ananikubalia.

Treni nyingine ilikuwa baada ya masaa manne. Nilikaa kwenye benchi, nikanywa chai yake yenye tangawizi, nikala vile vibajia vyao vya dengu vyenye kamba wa baharini mzima juu, na mkia wake umesimama. Vitatu. Sawa, vitano.

Ndani ya treni, kupanda mlima

Safari hii nilikaa, nikauliza, kichwa kikatikiswa, nikabaki. Mbele yangu walikuwa mume na mke, walimu wastaafu, wanakwenda Kandy kwa ajili ya mwezi mpevu, ambao kwao ni sikukuu ya ibada. Mke alikuwa mnene mchangamfu. Mume alikuwa mtu wa kutazama dirishani na kumeza maneno.

Tambarare ikaisha, treni ikaanza kupanda. Mabonde upande mmoja, mwamba unaochuruzika maji upande wa pili, na baridi ikaingia. Mimi na kibaibui changu cha Doha, kitambaa chepesi, nikaanza kutetemeka. Na wao kila kitu wanasema hari. Mke anamwambia mume jambo, mume anajibu hari, hari. Mkata tiketi anapita, hari. Nikashindwa kuvumilia. Nikawaambia kwa kile Kiingereza changu cha kuvunjika: mbona mnasema hari, hari kwetu ni joto, na hapa meno yanagongana! Mke akanielewa nusu, akafungua begi, akanitupia shali lake mabegani. "Hari?" akaniuliza. Kumbe maana yake ni sawa, vizuri. Nikamjibu hari, na kweli nilianza kupata hari.

Tukiwa katikati ya mlima, treni ikasimama. Udongo umeporomoka mbele, wanasema wanaondoa. Tukakaa masaa matatu. Watu wakateremka kujinyoosha, watoto wakachezea reli, na yule mke akafungua vyakula. Jamani. Wali wa nazi umefungwa kwenye jani la mgomba! Mchuzi wa fenesi bichi! Nazi ya kukuna imepondwa na pilipili! Mimi mtoto wa Tanga nimesafiri kote huko, napewa chakula cha kwa bibi yangu. Nikanawa, nikala kwa mkono, nikafinyanga tonge langu vizuri, na mke akampiga mume kiwiko atazame. Akaniongezea bila kuniuliza.

Akataka kujua mimi ni mtalii? Nikamwambia hapana, nakwenda kumwomba mtu radhi. Nikamweleza habari ya mama na amma. Mwalimu yule wa kike alishika kifua. Akamweleza mume, mume naye, ambaye tangu Colombo hajasema maneno kumi, akasimama akawaeleza wa viti vya nyuma. Baada ya muda mfupi behewa zima linajadili kesi yangu. Wengine wanacheka, mama mmoja anafuta machozi, kijana mmoja anasema, na mwalimu ananitafsiria, kwamba kosa ni la Nilanthi, angesema vizuri. Mwalimu akamkemea. Akaniambia, "Mtu akiumwa, anasema kwa lugha aliyozaliwa nayo."

Kandy, nje ya Hekalu la Jino

Nililala kwa familia moja ya Waislamu karibu na msikiti, nikaamka nikakuta mji umevaa nyeupe. Kandy imekaa kwenye bakuli la milima. Katikati kuna ziwa lenye ukuta mweupe uliokatwakatwa kama mawingu, na ukingoni mwa ziwa ndipo lilipo Hekalu la Jino, la paa la dhahabu. Nilanthi alinisimulia mara nyingi: hilo ni jino la Buddha mwenyewe. Wanasema lilivushwa bahari limefichwa ndani ya nywele za binti mfalme, na zamani aliyelishika ndiye aliyetawala. Mimi nilikuwa namwambia, Nilanthi, geuza foronya.

Siku ya mwezi mpevu watu wanamiminika kutoka vijijini, wazee, watoto wachanga, wote wamevaa nyeupe na miguu mitupu. Mimi peke yangu nimevaa nyeusi. Hakuna aliyenitazama vibaya. Mlinzi mmoja aliniuliza natafuta nini, nikasema maua, akanionyesha upande yanakouzwa.

Hapo ndipo nilipochoka kabla sijaanza. Wauza maua si mmoja, si kumi. Ni mstari mzima, meza kwa meza, mayungiyungi ya zambarau na meupe, asumini kwenye vikapu, na nyuma ya kila meza mwanamke wa makamo mwenye nywele zilizofungwa nyuma. Sura niliiona mara moja kwenye simu, dakika moja, na nilikuwa na hasira. Wote walifanana.

Nikaanza kwa kununua, ili wanizoee. Nikachukua ua la asumini, na kama nilivyozoea nikalipeleka puani. Muuzaji akapiga yowe, "Aiyo!" akaninyang'anya. Kwao ua la kumtolea Buddha hulinusi kabla, maana harufu yake ni yake yeye. Astaghfirullah, sikujua. Nikaomba radhi, akanipa jingine la kwangu mwenyewe nilinuse nitakavyo, na wenzake wakacheka.

Basi nikashusha pumzi, nikapita meza hadi meza nikifanya kama tunavyofanya kwetu. Kwetu mama wa mtu humwiti jina lake, unamwita kwa mwanawe. Nikawa naita, kwa sauti yangu ile mnayoijua: "Mama Nilanthi? Mama Nilanthi?"

Wa kwanza akanitazama, akaweka mkono kifuani, akasema kwa adabu, "Mama Sriyani."

Nikamwambia hapana, namtafuta Mama Nilanthi. Wa pili akatabasamu: "Mama Kusum." Wa tatu: "Mama Padma." Nikasema loo, watu wakarimu hawa, kila mmoja ananiambia mwanawe. Nimefika meza ya tisa ndipo likanigonga kichwani. Mimi, niliyevuka bahari kwa sababu ya neno hili hili, nimesimama mbele ya hekalu la watu natangaza: mimi ni Nilanthi! Mimi ni Nilanthi! Nao, maskini, wanajitambulisha. Ulimi ni kitu kibaya. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kabla haijapasuka, nikasikia mtu anapiga meza kule mwisho. Mwanamke mfupi mwenye miwani, mayungiyungi mikononi, ananijia kwa hasira. Akanishika mkono, akaniambia maneno mengi makali, nami nikashika mawili, "Nilanthi" na "duwa." Duwa nililijua kutoka kwa yule mama wa blanketi: binti yangu. Alikuwa anasema wewe si Nilanthi, Nilanthi ni binti yangu.

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha yetu, mimi na Nilanthi na rundo la taulo. Hasira ikamtoka palepale. Akanishika uso kwa mikono iliyolowa maji ya maua. "Saumu?" akasema. Nikalia mbele ya watu, sina haja ya kuficha.

Hakukubali tuondoke mara moja. Alikuwa na sadaka yake ya siku hiyo, ya kumwombea binti. Tukavua viatu, tukaingia pamoja. Alinipa maua nishike, kisha akatazama mtandio wangu, akakumbuka dini yangu, akayachukua taratibu, akanipa begi lake badala yake, na sote tuliridhika. Ndani ngoma zinapigwa mpaka kifua kinatetemeka. Watu wanapanda ngazi kwa foleni, polepole, hakuna anayesukuma. Jino lenyewe hulioni. Limo ndani ya kasha, ndani ya kasha jingine, na mlango ukifunguliwa unaliona kasha la dhahabu kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha foleni inakusogeza. Nilisimama pembeni na begi nililokabidhiwa, nikamwomba Mungu wangu, kimya, jambo lile lile alilokuwa anaomba yule mama.

Juu, kwa Nilanthi

Tulipanda bajaji. Dereva alifanya kazi Kuwait miaka minane, kwa hiyo akawa mkalimani wetu: mama anasema Kisinhala, dereva anageuza Kiarabu cha Ghuba, mimi najibu. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, kwenye kona za mlima, kwamba ni figo. Zote mbili. Mara mbili kwa wiki anapelekwa hospitali kusafishwa damu. "Bint mariid," dereva akasema, "mariid wajid." Binti anaumwa, anaumwa sana. Nililijua hilo kabla hajamaliza.

Nyumba ni ndogo, ya matofali, ina miti ya karafuu nyuma. Nilanthi alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchele. Amekonda mwili, uso umevimba, mkono wa kushoto umefungwa bandeji. Akainua macho. Hakushtuka. Nilanthi hashtuki.

"Ala," akasema kwa Kiswahili, huko juu ya mlima wa watu. "Nani kakuelekeza?"

Nikapiga magoti, nikatoa neno langu la masaa matano. "Samawenna."

"Sema Kiswahili."

"Nisamehe, Nilanthi."

"Hilo la kwanza umelitoa wapi?"

"Kwenye ndege."

Akacheka, kicheko kibaya. "Miaka sita umelala chini yangu. Mimi nimejifunza lugha yako mpaka matusi ya Tanga. Wewe yangu hukujifunza hata maneno matatu. Sasa umejifunza kwenye ndege?"

Nikakaa chini, nikaanza kuchambua mchele pamoja naye.

"Mbona hukunisahihisha?" nikamwuliza baadaye, sauti ndogo.

"Nilikwambia mimi mgonjwa. Wewe ukamwombea amma. Nikasema kesho nitaeleza vizuri. Kesho nikaona chumba kizima mnaomba, nikachoka. Na niliogopa kazini wakijua figo, wananirudisha kabla sijajipanga. Nikasema wacha awe amma." Akachagua jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Lakini uliponiita mwongo, nilikuwa na nguvu ya kusema. Nikanyamaza makusudi. Nikasema huyu akitaka kujua, atauliza. Hukuuliza, Saumu."

"Sikuuliza."

"Wewe unasikia kidogo halafu unaongea sana."

"Kweli."

Mama yake akatuletea chai na wali mweupe wa tui uliokatwa vipande, akatuangalia mmoja mmoja, akamwuliza mwanawe jambo. Nilanthi akajibu kwa mkato. Mama akanisukumia kipande kikubwa zaidi.

Nilikaa siku tisa. Nilifua, nilipika, nilikuna nazi kwenye mbuzi yao, ambayo ni chuma kilichofungwa mezani, nikakwaruza vidole. Siku za hospitali tuliondoka asubuhi kwa bajaji ile ile, nikakaa kwenye benchi masaa yote manne, na Nilanthi akiwa amelala pale na mipira mkononi alinifundisha. Alikuwa mwalimu mkali. Nikikosea anafumba macho kana kwamba damu ndiyo inamuuma. Nilijifunza maji, njoo, inauma wapi, umekula, usiogope. Wauguzi wakawa wanakuja kunisikiliza, wanacheka, nami naendelea, sijali. Siku ya saba nilimwuliza mama yake jambo kwa lugha yao, sentensi nzima, na akanijibu bila kumtazama mwanawe kwanza.

Kurudi

Siku ya mwisho tulikaa kibarazani, wote watatu, tunapanga maua ya kesho yake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilikuwa nimejizuia siku tisa, na mimi kujizuia si kazi yangu.

"Nilanthi, ndege ni kesho. Umenisamehe au hujanisamehe?"

Akakunja petali za yungiyungi, moja baada ya nyingine, wanavyozikunja wao. "Bado."

"Bado mpaka lini?"

"Nikikusamehe leo, mwaka kesho hutarudi."

Nikaweka maua chini. Mama yake akauliza tumesema nini, na Nilanthi hakumtafsiria. Nikamtafsiria mimi, kwa maneno yangu machache, nikikosea kosea. Mama akanielewa. Akavua miwani, akaifuta kwa nguo yake kwa muda mrefu.

"Nitarudi," nikamwambia.

"Rudi, ndiyo nikusamehe. Na uje unaongea, siyo haya maneno ya hospitali."

"Na wewe uwepo."

"Mimi nitakuwepo. Nina kazi ya kukusamehe."

Basi, hiyo ndiyo safari. Sunil ananifundisha kwenye basi, kwenda na kurudi, na mkiniona nabwabwaja peke yangu londri msinicheke. Fomu ya likizo ya mwaka kesho nimeshampelekea msimamizi. Kwa mazoea aliandika naenda Dar es Salaam, nikamwambia afute aandike Colombo. Simu ya Nilanthi sasa inapatikana, na kila Ijumaa namwuliza, kwa lugha yake, kama amenisamehe, naye ananijibu bado. Atieno, ulinitaka nikueleze ilivyoisha. Sijasamehewa. Nawe ukisimama kanisani kwenu, na Hawa akifungua msahafu wake, niombeeni hilo hilo: miaka mingi, mingi sana, niwe sijasamehewa.